Wamevunja labu ya komputa skulini kwetu Pemba ati waweke chumba cha utalii, wazee hatukuulizwa hata neno

Asalaam alaykum wanajamvi. Kunradhi uzi utakuwa mrefu, nimejaribu kulala na hasira hizi siku mbili zimekataa kutoka.

Mie mzee wa mtoto wa form three, skuli ya serikali huku Pemba. Jina la skuli silitaji na msinilazimishe, walimu wengine pale ni jamaa zangu na mtoto bado anasoma. Jumatatu mwanangu karudi ananambia baba leo hatukusoma komputa, chumba kimefungwa wamo mafundi wanapiga misumari. Nikadhani paa linatengenezwa maana lilikuwa linavuja, nikafurahi kabisa. Jumatano nikapita mwenyewe. Wallahi nimesimama mlangoni miguu ikaniisha nguvu. Zile meza ndefu zote zimeng'olewa, soketi zimezibwa kwa mbao, na zile soketi nimezifunga mie kwa mikono yangu, bure, nimevuta waya siku tatu ndani ya mfungo na koo kavu kwa sababu niliambiwa ni kwa ajili ya watoto. Ukuta umepakwa rangi mpya. Katikati pana kitanda kimoja cha futi tano kimetandikwa shuka nyeupe, na pembeni kaunta ya mapokezi ya mbao. Ndo chumba cha mafunzo ya utalii na ukarimu hicho.

Na juu ya kaunta pana daftari. Daftari la mistari la kuandikia majina ya wageni, na kalamu imefungwa kwa uzi. Mtoto anafundishwa kazi ya risepsheni kwa daftari! Mie nimefanya kazi hotelini miaka, sijaona risepsheni isokuwa na komputa. Mgeni kaweka chumba akiwa kwao Ulaya miezi mitatu kabla, kalipa kwa kadi, jina lake limo kwenye sistimu, sasa huyu mtoto wetu atalitafuta kwenye ukurasa gani wa daftari?

Nikauliza komputa ziko wapi. Nikapelekwa stoo, banda la mwisho kule, lile ambalo mvua ikinyesha unahamisha vitabu. Zimewekwa chini sakafuni. Zilikuwa 18, zinazowaka 11, nazijua moja moja. Monita zimelaliana uso kwa uso bila hata kitambaa katikati, waya zimefungwa pamoja kwa kamba ya usumba, kibodi zimo ndani ya gunia la karafuu. Masika hayo yanakuja jamani. Yule mwalimu wa komputa, kijana mstaarabu sana, alikuwa amesimama nyuma yangu hasemi kitu, nilipogeuka nikamuona macho mekundu.

Sasa kabla hamjaanza kunambia ati nadharau amali, yaani mafunzo ya kazi za ufundi, nisikilizeni. Mie ni mtoto wa amali. Nimesoma umeme chuo cha amali cha Vitongoji hapa Pemba na umeme ndo ulonioza na kunijengea nyumba. Wizara yetu yenyewe inaitwa ya Elimu na Mafunzo ya Amali, neno limo mpaka kwenye kibao, na mtaala mpya umeleta mkondo wa amali mpaka sekondari, na mie nilishangilia maana nimeona vijana wangapi wanamaliza form foo wanakaa barazani. Watoto wafundishwe hoteli, wafundishwe ushoni, useremala, mabomba, wafundishwe kusindika mwani. Nataka hivyo vyote. Ninachokataa ni kuibomoa komputa ili kuijenga amali, kwa sababu amali ya leo bila komputa ni nusu amali, na hili sikulisoma mahali, limenipata mwenyewe.

Nilivuka Unguja nikiwa na miaka 27, nikapata kazi hoteli moja ya pwani. Cheti n'nacho, mkono upo. Siku ya kwanza msimamizi kanikalisha mbele ya komputa ananambia kazi zote zinaingia humu, chumba fulani AC haipoi, chumba fulani maji ya moto hakuna, unafungua unasoma unakwenda kutengeneza, ukirudi unaandika umetumia kifaa gani na umemaliza saa ngapi halafu unaifunga. Sijawahi kushika mausi maishani mwangu. Niliona haya kusema. Nikawa nambembeleza kijana wa risepsheni aniandikie, akiwa na wageni naacha, nasema nitaandika kesho, kesho nimesahau. Miezi minane mbele wanatafuta kiongozi wa zamu wakafungua sistimu, jina langu halina kazi, kumbe nusu ya hoteli ile nimeitengeneza mie. Akapewa mwenzangu nilomfundisha mwenyewe kufunga brekera. Simlaumu yule, alijua kuandika na mie sijui. Nililia usiku ule, sioni aibu kusema leo.

Na si hoteli tu. Fundi gari siku hizi gari likija anachomeka mashine isome kosa kwanza. Anayechora ramani za nyumba anatumia AutoCAD, programu ya kuchorea ya komputa. Cherehani za kudarizi zinasoma mchoro kutoka kwenye komputa. Hata mie nikifunga sola, kuna invata nyengine huzipangi bila laptop. Kwa hiyo huyo mtoto munayemwambia akasome amali munampeleka kwenye komputa hiyo hiyo mulomnyang'anya.

Mwalimu mmoja, mtu mzima namuheshimu, kanijibu ati dunia nzima wanaondoa labu za komputa, hata Marekani. Ni kweli, huko Marekani skuli nyingi zimeondoa. Lakini sema na sababu yake mwalimu wangu! Kule mtoto kapewa mashine yake. Jimbo la Maine lilianza 2002 kuwapa watoto wa darasa la saba laptop kila mtu yake, baadae zikaja laptop za bei nafuu ziitwazo Chromebook, ilipoingia korona 2020 watoto wakasomea majumbani ndo wilaya nyingi zikamalizia kugawa. Chumba cha komputa kikabaki hakina kazi kwa sababu komputa imehamia kwenye mkoba wa mtoto. Ndo wakakigeuza, wakaweka roboti, vitanda vya kufundishia uuguzi, mashine za kuchapa vitu vya plastiki, na nyingi ya hizo zinaendeshwa na komputa. Sie komputa imehamia mkoba gani? Imehamia stoo inayovuja.

"Watoto wana simu." Hili nalo nimelisikia. Kwanza simu skulini marufuku, ikikamatwa mzee anaitwa. Pili simu si komputa. Mtoto wa dada yangu yuko kwenye simu mpaka usiku wa manane, lakini alipomaliza form six kutaka kuomba mkopo na chuo, mambo yote mtandaoni, ikabidi apande gari mpaka Chake kwenye steshenari, akampa mtu asiyemjua nambari yake ya mtihani na nywila amjazie. Akajaziwa vibaya. Nambari moja tu imegeuzwa, tumehangaika wiki tatu, nauli, kulala foleni, kupiga simu bara. Angeweza kukaa mwenyewe akajaza akahakiki, yasingetokea. Sasa munataka watoto wote wa skuli wawe wateja wa steshenari?

Halafu mwanangu somo la komputa kalichukua kwa mtihani. Lile lina karatasi ya vitendo. Atafanya vitendo juu ya nini, juu ya kile kitanda?

Watu wazima wenzangu mnakumbuka tulivokuwa tunategemea majenereta ya Wesha, umeme unakatika mpaka tukazoea. Mwaka 2010 ulipoletwa waya wa bahari kutoka Tanga nilikuwa kijana, na ndo watu walianza kusema sasa skuli zetu zinaweza kuwa na komputa. Umeme umefika, waya umevutwa, mashine zikapatikana kwa tabu. Na mzee Karume alipotangaza elimu bure Septemba 1964 maana yake mtoto wa mkulima wa karafuu na mtoto wa tajiri wakae dawati moja. Tajiri laptop iko nyumbani kwake. Wa mkulima alikuwa nayo ile ya skuli basi.

Kinachoniuma zaidi, nafasi ipo. Nyuma ya skuli kuna banda limesimama kwenye linta, wazee tulichanga matofali, tukabeba mchanga. Fedha za chumba hiki zingeliezeka lile. Lakini nimeambiwa mfadhili alikuwa na muda wake, alitaka picha za chumba kilichokamilika kabla fedha hazijarudi, basi pakatafutwa chumba chenye umeme na AC tayari, ndo likavunjwa lililokuwa zima. Kikao cha wazee hakikuitwa. Wakati wa kuchangia madawati tunaitwa mpaka kwa kipaza sauti cha msikiti, hili kimya.

NAONGEZA: kuna waliouliza kwani haziwezi kukaa pamoja. Zinaweza, na ndicho ninachodai. Chumba ni kikubwa, kitanda na kaunta vinakaa upande mmoja, komputa 10 zinazowaka zinakaa upande wa pili na ya 11 inapanda juu ya kaunta mahala pa lile daftari, watoto wa utalii wajifunze kumpokea mgeni kwa komputa kama wanavofanya wenzao kazini. Soketi nitazifungua mwenyewe, bure tena.

Jumamosi baada ya alasiri tunakwenda kumuona mwalimu mkuu, mpaka sasa tuko wazee watano. Tunakwenda kwa adabu, hakuna kugombana na mtu. Wenye watoto Wete, Konde, Mkoani na hata Unguja semeni skuli zenu limepita hili au bado, na kama mulilizuia mulilizuia vipi. La kwanza tutakaloomba hiyo Jumamosi ni komputa zitoke pale chini siku hiyo hiyo. Turubai n'nalo, na kuna mzee kajitolea gari lake la ng'ombe.