Yule shofere wa teksi mu Sherlock: ni mwovu wa kweli ao alitumwa tu?

mwana_ibanda (Bukavu)
Jambo bandugu. Nimerudilia kuangalia episodi ya kwanza ya Sherlock, ile seri ya televizio ya BBC ya 2010 juu ya mupelelezi Sherlock Holmes, na kuko kitu inanisumbua. Watu wote banaongea tu Moriarty, Moriarty, ule adui mukubwa wa Sherlock, lakini mimi yule shofere wa teksi, Jeff Hope, njo ananiogopesha zaidi. Anapakia mutu, anamupeleka fasi haina watu, anamuwekea chupa mbili, kila moja na kidonge ndani, moja ni ya sumu, anamwambia chagula, mimi nitameza yenye itabakia. Batu bane banakufa vile na inaonekana kama bamejiua. Kisha tunasikia ni mugonjwa, mushipa mu kichwa inaweza pasuka saa yoyote, na kwa kila mutu anaua, Moriarty analipa feza ya kuachia batoto. Sasa huyu tumuite mwovu ao baba mwenye alikosa njia?

taximan_lshi
Mimi natembeza teksi hapa Lubumbashi. Ile anasema kwamba shofere hakuna mwenye kumuona, njo kweli kabisa. Mutu anaingia nyuma, anapiga telefone, anaongea deni yake, bibi yake, fasi anaficha feza, na akishuka umuulize shofere alivaa shati gani, hajui. Mwenye aliandika ile seri aliona kitu. Lakini baba mwenye alikosa njia, hapana kaka. Anasema yeye mwenyewe kuishi kupita batu bane njo raha yake. Feza ya batoto ilikuya juu ya ile raha.

dada_goma
Namuunga mkono yaya wa Lubumbashi. Tena mulinganishe na kitabu ya 1887 ya Conan Doyle, mwenye alitunga Sherlock Holmes. Kule Jefferson Hope anaendesha gari ya farasi, naye ni mugonjwa, mushipa ya moyo, na vidonge pia ni viwili, lakini ako analipiza kisasi ya Lucy, bibi mwenye alipenda, na anaachia Mungu achague nani afe. Huyu wa televizio hajui hata batu anaua, na haachie Mungu kitu, anajisifu eti anasoma akili ya mutu. Na bunduki anatishia nayo mutu mwenye anakatala kuchagula kidonge ni brike ya kuwashia sigara! Sherlock anaijua, anachagula bunduki, inatoka moto kidogo tu, anafika mupaka ku mlango anataka kuenda, jamaa anamuuliza tu kama alijua chupa ya muzuri ni gani, na Sherlock anarudi. Kiburi njo ilimurudisha. Bila Watson, rafiki yake, kupiga risasi kutoka nyumba ya ngambo angemeza.

mwana_ibanda
Sawa dada, kwa kisasi nakubali. Lakini picha ya batoto mu teksi, yenye bamekata mama akatoka, na povu ya kunyoa imebakia karibu na sikio ya Hope kwa sababu hakuna mutu kwake wa kumwambia, ile bado inaniuma. Na mpaka anakufa hasemi kama Sherlock alichagula muzuri.