Kupiga na Kusafisha: Picha Iliyohaririwa ni Sanaa au ni Udanganyifu?

MTOA MADA

Wachangiaji wenzangu, naleta mbele yenu swali ambalo kila linapoibuka huwagawa wapigapicha, waamuzi wa mashindano na watazamaji wa kawaida: picha ya kamera ikiguswa baada ya kupigwa, ikatiwa giza hapa na kufutwa kitu pale, je, bado ni kazi ya sanaa, au imekuwa udanganyifu? Wengi wanashikilia kwamba sanaa ya kamera ni kuliwahi tukio, jicho na kidole vikikubaliana kwa wakati mmoja, na kwamba lolote linalofanywa baadaye ni kughushi. Mimi naona wamekosea tangu msingi, na ningependa nipingwe kwa hoja.

Lugha yetu ina vitenzi viwili kwa kazi hii: picha hupigwa, kisha husafishwa. Zama za filamu, mtu aliposema kwamba amepiga picha lakini hajazisafisha, kila aliyemsikia alielewa kuwa hakuna picha ya kuonyeshwa bado. Ubishi mwingi ninaousoma kuhusu uhariri unakitazama kitenzi cha kwanza tu, na cha pili unakichukulia kama kazi ya kibarua asiye na lake la kusema. Dai langu ni kwamba sanaa ya picha hukamilika katika kusafisha, na kwamba anayedai picha "isiyoguswa" anadai kitu ambacho hakijawahi kuwapo.

Kabla ya kompyuta nilifanya kazi katika chumba cha giza kwa miaka kadhaa, na nakumbuka negativu moja, yaani filamu ambamo weupe huonekana mweusi na weusi huonekana mweupe, ya mzee aliyeketi mlangoni, shati lake jeupe likiwa juani na uso wake ukiwa kivulini. Nilipoipa karatasi sekunde 12 za mwanga chini ya mashine ya kukuzia, kisha nikaitumbukiza katika beseni la dawa, shati lilijitokeza na mikunjo yake yote hadi vifungo, lakini uso ulikuwa doa jeusi. Nilipopunguza hadi sekunde 7, uso ulionekana, makunyanzi na mvi za ndevu, ila shati likapotea, pakabaki weupe wa karatasi. Mara ya tatu nilikata kipande cha kadibodi chenye ukubwa wa sarafu, nikakifunga kwenye ncha ya waya, nikarudi kwenye zile sekunde 12, na kwa sekunde 5 kati ya hizo nikakishikilia juu ya uso, nikikitikisa polepole ili kisiache ukingo. Mzee akatoka mzima. Sasa naomba mnijibu: kati ya karatasi hizo tatu, ni ipi isiyohaririwa? Ya kwanza ilimnyima mzee uso, ya pili ilimvua shati, na ya tatu, ambayo wenzetu wangeiita ya kughushi, ndiyo peke yake iliyofanana na mtu aliyekuwa ameketi pale.

Wala jambo hili halikuletwa na kompyuta. Photoshop, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, iliingia sokoni mwaka 1990, lakini katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa tayari akiunganisha negativu mbili katika baadhi ya picha zake za bahari, moja ya maji na nyingine ya mawingu, kwa sababu dawa iliyopakwa kwenye vioo vilivyotumika kama filamu wakati ule iliathiriwa mno na mwanga wa buluu, na muda uliotosha kuyapata mawimbi uliigeuza anga kuwa nyeupe isiyo na kitu. Mwaka 1857, huko Uingereza, mpigapicha Oscar Rejlander alitumia negativu zaidi ya 30 kutengeneza picha moja yenye kufananisha maisha ya wema na maisha ya anasa, na Malkia Victoria akanunua nakala yake. Miaka miwili baadaye mshairi Charles Baudelaire aliandika huko Paris kwamba upigaji picha ubaki kuwa mtumishi wa sayansi na sanaa, usijidai kuwa sanaa wenyewe. Inanisikitisha kwamba wanaokataa uhariri leo wanamuunga mkono Baudelaire bila kujua, kwa sababu wanamwondolea mpigapicha sehemu ile ya kazi ambamo uamuzi wake huonekana waziwazi.

Na anayesema kwamba kamera ya kidijitali imetuondolea tatizo, kwa kuwa faili lake halijaguswa na mtu, naye afikiri tena. Kila nukta ya kihisio cha kamera nyingi, yaani kile kinachopokea mwanga badala ya filamu, hupima rangi moja tu kati ya nyekundu, kijani na buluu, na programu iliyomo ndani ndiyo inayokadiria mbili zilizobaki, kisha hung'arisha na kunoa kabla mpigapicha hajaiona picha yake. Anayetangaza kwamba hajahariri chochote amemwachia mhandisi asiyemjua ahariri kwa niaba yake.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mtoa mada, habari ya mzee wako imenigusa, lakini umechagua mfano unaokufaa wewe. Kukinga mwanga usoni hakukuongeza wala kuondoa kitu chochote pale mlangoni. Mimi nimefanya kazi ya picha za habari, na kwetu mpaka uko papo hapo: mwanga unaweza kurekebishwa, vitu haviguswi.

Katika toleo la Februari 1982 la jarida la National Geographic, picha ya piramidi za Giza iliyopigwa kwa upana ilibanwa kwa kompyuta, na piramidi zikasogezwa ili zienee kwenye jalada lililosimama wima. Mtasema hakuna aliyedhurika, na jalada lilipendeza. Lakini tangu siku ile msomaji ana haki ya kujiuliza ni nini kingine kilichosogezwa. Mwaka 2014 shirika la habari la Associated Press liliachana na mpigapicha aliyefuta kamera ya video ya mwenzake iliyojitokeza kwenye kona ya picha moja ya vita vya Syria. Kamera ile haikuwa na uzito wowote katika tukio, na wapo walioiona adhabu kuwa kali, ila mimi naiunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa mtu akishazoea kufuta kisicho na maana, anakuwa yeye ndiye mwamuzi wa chenye maana. Mwaka uliofuata waandaaji wa World Press Photo, mashindano ya kimataifa ya picha za habari, baada ya kuzilinganisha picha na mafaili yake ya asili, waliondoa takriban asilimia 20 ya zile zilizokuwa zimefika hatua ya pili kutoka mwisho. Hao wote walikuwa wakisafisha, kwa neno lako. Je, tuwapokee kwenye sanaa na kuwasamehe?

MCHANGIAJI WA PILI

Shaka yangu mimi ni ya aina nyingine, nayo inahusu nakala. Picha ya Mfaransa Daguerre, mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, ya mwaka 1839 ilikuwa bamba moja la shaba lililopakwa fedha, na likipotea limepotea. Mwingereza Talbot, kwa njia ya negativu aliyoisajili mwaka 1841, ndiye aliyefanya picha iweze kuzaa nyingine bila kikomo, na katika miaka ya 1930 mwanafalsafa Mjerumani Walter Benjamin aliandika kwamba kuuliza ni nakala ipi iliyo halisi kati ya zile zinazotoka kwenye negativu moja ni swali lisilo na maana. Nilikubaliana naye hadi nilipozifahamu picha za Seydou Keïta, mpigapicha wa studio wa Bamako, Mali. Karatasi alizowakabidhi wateja wake katika miaka ya 1950 zilikuwa ndogo, zilizochapwa negativu ikiwa imegusana na karatasi yenyewe, sentimita 13 kwa 18. Zile zilizomtangaza ulimwenguni katika miaka ya 1990 zilichapwa kubwa, Ufaransa, kwa ajili ya kuta za maonyesho, na weusi wake ni mzito zaidi. Mtu aliyezoea zile kubwa, akiwekewa ile ndogo mkononi, hukutana na kazi tofauti: ile ilikusudiwa kushikwa na kupitishwa kutoka jamaa hadi jamaa.

Keïta alikuwa hai wakati huo. Vivian Maier, yaya wa Chicago aliyekuwa akipiga picha na aliyefariki mwaka 2009, hakuwa na bahati hiyo. Masanduku yake yalinadiwa mwaka 2007 kwa sababu kodi ya ghala haikulipwa, na ndani yake mlikuwa na negativu ambazo kwa sehemu kubwa hakuwahi kuzichapa, pamoja na filamu nyingi ambazo hazikuwahi hata kutiwa dawa. Jumla ya alizoziacha inapita 100,000. Wengine wamechagua, wengine wamekata kingo, wengine wameamua weusi uwe kiasi gani. Kama sanaa hukamilika katika kusafisha, mtoa mada, basi msanii wa picha hizo ni nani? Usinijibu haraka, maana jibu lolote utakalotoa litakugharimu kitu.

MTOA MADA

Nimezisoma hoja zote mbili zaidi ya mara moja, na nakiri kwamba ya pili imenilazimu kurekebisha kauli yangu. Nianze na ya kwanza.

Katika habari sitetei kufuta kitu, hata kiwe kidogo kama ukucha. Hata hivyo, mpaka unaouchora kati ya mwanga na vitu hautulindi kama unavyodhani. Mwezi Juni 1994 jarida la Time liliweka jaladani picha ya polisi ya O.J. Simpson, mwanamichezo mashuhuri wa Marekani aliyeshtakiwa kwa mauaji, ikiwa imetiwa giza, na wiki ileile Newsweek likaitoa picha hiyohiyo bila kuitia giza, zikakaa bega kwa bega kwenye meza za wauza magazeti. Hakuna kitu kilichofutwa wala kusogezwa. Kilichobadilishwa ni mwanga peke yake, nao ulitosha kumfanya mshtakiwa mweusi aonekane wa kutisha kabla kesi haijasikilizwa. Kwa kanuni yako Time hawana kosa. Kwa upande mwingine, mpigapicha Mjerumani Andreas Gursky aliondoa kwa kompyuta majengo na watu katika picha yake ya mto Rhine ya mwaka 1999, pakabaki tepe za nyasi, maji na anga, na mwaka 2011 nakala moja kati ya sita ikauzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 4.3. Kwa kanuni yako huyo ni mkosaji, ilhali hakumwahidi yeyote taarifa ya ukingo ule wa mto. Ninachokitazama mimi ni ahadi. Picha ya habari humwambia mtazamaji kwamba haya yalitokea hivi, na kila kinachoivunja ahadi hiyo, kiwe mwanga au kitu, ni uongo. Picha isiyotoa ahadi hiyo ihukumiwe kwa uzuri na uzito wake. Kwa hiyo wale wa World Press Photo waliondolewa kwa haki, na kosa lao ni kwamba waliahidi kitu kimoja wakatoa kingine.

Ahadi hiyohiyo ndiyo inayonipa msimamo juu ya picha za akili mnemba. Mwaka 2023 mpigapicha Mjerumani Boris Eldagsen alishinda kundi moja katika mashindano ya Sony World Photography Awards, kisha akaikataa tuzo, akieleza kwamba picha yake ilitengenezwa na programu. Ile ilikuwa picha iliyosafishwa bila kupigwa. Inaweza kuwa sanaa, sina ugomvi na hilo, ila katika picha ya kamera, hata iliyofutwa majengo, kuna mwanga uliotoka kwenye kitu na kufika kwenye filamu au kihisio, na pale haupo. Eldagsen aliifanya kazi hii ya kutenganisha kwa uaminifu kuliko waamuzi waliompa ushindi.

Sasa Maier. Nilisema sanaa hukamilika katika kusafisha, na nikazungumza kana kwamba anayepiga na anayesafisha ni mtu mmoja daima, kwa sababu kwangu ilikuwa hivyo. Sivyo. Mpigapicha Mmarekani Ansel Adams, ambaye kabla ya kamera alisomea piano, alikuwa akiifananisha negativu na muziki ulioandikwa, na uchapaji na upigaji wa muziki ule. Picha yake ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, ya mwaka 1941, aliichapa zaidi ya mara 1,300, na mtu akiweka nakala ya mwanzo kando ya zile za miaka ya baadaye ataona anga iliyokuwa ya kijivu yenye mawingu mepesi imekuwa nyeusi tii. Yule ni mtunzi aliyeucheza muziki wake mwenyewe kwa namna tofauti kadiri alivyozeeka. Maier alitunga na hakucheza. Picha zinazotundikwa kwa jina lake ni kazi za mikono miwili, na jibu langu, ambalo ni kweli linanigharimu, ni kwamba jina la aliyechapa na mwaka wa kuchapa viandikwe chini ya jina lake kila zinapoonyeshwa. Vivyo hivyo kwa zile kubwa za Keïta. Kuficha mkono wa pili ni kuihariri historia ya picha, hata kama picha yenyewe haikuguswa.

Ipo picha moja ambayo hoja zenu mbili zinakutana ndani yake. Mwezi Machi 1936, huko Nipomo, California, Dorothea Lange alimpiga picha mama kibarua wa mashambani akiwa na watoto wake chini ya turubai, kwa ajili ya idara ya serikali ya Marekani. Kwenye kona ya chini upande wa kulia kilionekana kidole gumba kilichoshika nguzo ya turubai, kikiwa na ukungu kwa kuwa kilikuwa karibu mno na kamera. Miaka michache baadaye Lange aliagiza kidole hicho kifutwe kwenye negativu yenyewe, jambo lililomuudhi mkuu wake, Roy Stryker, na ukikazia macho nakala za baadaye bado utaona kivuli chake hafifu. Ilikuwa kumbukumbu ya serikali, nayo leo hutundikwa kama sanaa. Aliyefuta ni mwenye picha mwenyewe. Na nakala zenye kidole na zisizo nacho zote zipo. Mimi ningezitundika zote mbili kwenye ukuta mmoja, yenye kidole ikitangulia, na chini ya ile ya pili ningeandika kilichoondolewa na kwa amri ya nani. Anayeona nimekosea aniambie ni ipi kati ya hizo mbili angeiteremsha.