Jetiski inalia "tak" halafu skrini inazima: nimpe fundi hela ya stata?

Kaka_Entebbe
Wakuu, habari za jioni. Nakodisha jetiski hapa Entebbe, na hii inayonitoa jasho ni Yamaha VX ya mtumba. Nikibonyeza kitufe cha kuwasha inalia "tak" mara moja, skrini inazima, kisha inarudi kama vile hakuna kilichotokea. Nikiiacha kidogo nikajaribu tena, kuna wakati inawaka safi kabisa. Betri ni mpya, mita inasoma volti 12.7. Fyuzi nzima, kamba ya usalama imekaa mahali pake. Fundi wa boti wa hapa ufukweni anasema ni stata, ile mota inayozungusha injini iwake, ana ya mtumba, na anataka hela yake kesho asubuhi. Jumamosi nina wateja. Nimpe?

MtotoWaGgaba
Betri hiyo ssebo. Mpya si hoja. Au chukua bisibisi, unganisha zile nati mbili za solenoidi, ile swichi inayopeleka umeme kwenye stata, stata ikizunguka ujue nzima.

FundiSpana
Wa Ggaba, hiyo bisibisi iache kwenye boda. Humu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini kwenye bodi, na cheche moja inatosha kumrusha mtu ziwani bila nyusi. Kaka, toa kiti kwanza, acha upepo upite vizuri, ukinusa petroli usiguse kitu.

Sasa ugonjwa wenyewe. Hiyo 12.7 ni ya betri iliyolala, haikuambii ikibebeshwa mzigo itakuwaje. Weka ncha za mita juu ya vichwa vya betri vyenyewe, si juu ya waya, mwenzako abonyeze. Ikiporomoka chini ya volti 10 hivi, ni betri, au kuna kitu kinaivuta kupita kiasi. Ikibaki 12 na ushee huku skrini imezima, basi betri haina kosa, umeme unapotelea njiani.

Ndipo uhamishe mita: ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, abonyeze tena. Waya mzima haupotezi hata nusu volti. Fanya hivyohivyo upande wa chanya, toka betri hadi nati ya stata. Na skrini kuzima kunanifanya niishuku stata kidogo sana. Stata ikifa peke yake, kwa kawaida skrini inabaki inakutazama tu.

Mwanza_Majini
Naongeza swali: ilipinduka au ilivutwa na boti hivi karibuni? Ikivutwa kwa kasi maji husukumwa kupitia mfumo wa kupooza hadi ndani ya injini, nayo ikijaa maji inalia "tak" hivyohivyo. Ukilazimisha stata unapinda konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni. Kama ilivutwa, fungua plagi zote kabla ya kubonyeza tena.

Kaka_Entebbe
Haikuvutwa wala kupinduka mzee. Nimepima leo. Kwenye vichwa vya betri inabaki 12.3 wakati wa kubonyeza. Upande wa chanya karibu na sifuri. Hasi hadi injini: volti 9!

Nati ya hasi imekaza, inang'aa, huwezi kuishuku. Nikachana ule mpira unaofunika shingo ya lagi, yaani kile kichwa cha chuma cha waya, unga wa kijani ukamwagika. Nyuzi za shaba zimeliwa, zilizobaki hazifiki hata nusu, na ukiutikisa waya skrini inacheza. Fundi wa stata nilimwita aone. Kasema "na stata nayo ibadilishwe tu".

FundiSpana
😂 Ana mzigo wa kuuza huyo.

Jinja_Nile
Badilisha waya mzima, usikate ncha ukafunga lagi mpya, kijani huwa kimeshapanda ndani ya ganda. Chukua unene uleule, shaba iliyopakwa bati, lagi ibanwe kwa koleo yake na mpira wenye gundi juu. Pale Kisekka, soko la vipuri Kampala, watakuonyesha waya wa gari na kuapa ni sawa. Utafanya kazi, ila hautakaa muda.

Ikiwaka, pima chaji pia. Ipandishe mzunguko, betri isome 13.5 hadi 14.5. Pimia ikiwa majini. Nchi kavu ni sekunde chache tu, ukitaka zaidi unga mpira wa maji: washa injini ndipo ufungue bomba, na kuzima unafunga bomba kwanza.

Kaka_Entebbe
Waya mpya umeingia, inawaka kwa mguso mmoja. Chaji 14.1. Hela ya stata naenda kununulia majaketi ya kuokolea maisha, yaliyopo yamechanika. Asanteni sana wakuu.

MtotoWaGgaba
Hiyo stata ya fundi bado ipo? Ya kwangu imekufa kweli.

FundiSpana
Umepima?