Waandishi wenye jina moja kurundikwa ukurasa mmoja: uzembe huu wa tovuti za vitabu utaisha lini?

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi ni mrefu kidogo na nimeuandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nilikuwa natafuta riwaya za Elizabeth Taylor. Namsema Elizabeth Taylor mwandishi, Mwingereza aliyezaliwa 1912 na kufariki 1975. Nikabonyeza jina lake kwenye tovuti moja ya kuuza vitabu, ukurasa ukafunguka, na juu kabisa nikapokelewa na picha ya yule mwigizaji maarufu wa filamu. Chini ya picha, wasifu wa mwigizaji: kazaliwa 1932, filamu zake, tuzo zake, ndoa zake. Halafu ndiyo inafuata orodha ya vitabu, na cha kwanza ni At Mrs Lippincote's, mwaka 1945.

Hebu pigeni hesabu. Kutoka 1932 hadi 1945 ni miaka 13. Yaani tovuti inatangazia dunia kwamba mtoto wa miaka 13 ndiye aliyeandika riwaya ya mke wa afisa wa jeshi la anga na ndoa yake inayochakaa wakati wa vita. Na balaa ni kwamba mwigizaji naye kweli alitoa kitabu akiwa mtoto, Nibbles and Me, mwaka 1946, kuhusu kindi aliyekuwa akimfuga. Basi vitabu hivyo viwili vimewekwa bega kwa bega, cha kindi na cha ndoa, kana kwamba vimetoka kwenye kalamu moja. Shuka chini kidogo, unakuta kitabu cha mwigizaji kuhusu vito vyake vya thamani, halafu Mrs Palfrey at the Claremont ya 1971, ambayo ni ya mwandishi. Nyota za wasomaji wa vitabu vyote hivyo zimejumlishwa na kupigiwa wastani mmoja. Wastani huo unamhusu nani? Aliyekipenda kitabu cha vito ananisaidia nini mimi ninayetaka kujua kama riwaya za mama yule zinasomeka?

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Nikaeleza kwa adabu, nikaweka miaka ya kuzaliwa na kufariki ya wote wawili. Jibu lililokuja: taarifa za mwandishi hutoka kwa mchapishaji, tafadhali wasiliana na mchapishaji. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira hasa. Mchapishaji hakuweka ile picha. Mchapishaji alituma jina tu, na mashine ya tovuti ikalinganisha herufi kwa herufi, ikaona zinafanana, ikaamua ni mtu mmoja. Uamuzi ni wao, kosa ni lao, lakini kazi ya kulifukuzia anatupiwa msomaji.

Na asiniambie mtu kwamba hii ni ajali ya jina moja. Kuna William Gibson aliyeandika tamthilia ya The Miracle Worker, aliyezaliwa 1914, na kuna William Gibson wa Neuromancer ya 1984, aliyezaliwa 1948. Mmoja kaandika habari za Helen Keller, binti asiyeona wala kusikia, na mwalimu wake. Mwingine kaandika wadukuzi wa kompyuta za siku zijazo. Kuna David Mitchell wa Cloud Atlas na David Mitchell mchekeshaji wa televisheni, wote Waingereza, wote wako hai, wote wanaendelea kutoa vitabu. Kuna Michael Palmer mshairi na Michael Palmer daktari aliyeandika riwaya za kusisimua za hospitalini, wote Wamarekani, wamepishana mwaka mmoja tu kuzaliwa. Hapo ukibonyeza kitufe cha kumfuata mwandishi unayempenda, unaletewa taarifa za usiyemjua. Kuna Samuel Butler wawili: wa Hudibras alifariki 1680, na wa Erewhon akazaliwa 1835. Miaka 155 katikati, na bado kuna sehemu nimewakuta wamekaa chini ya wasifu mmoja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hili tatizo lilishatatuliwa. Tena zamani, kabla ya kompyuta. Wakutubi walipokuwa wanaandika kadi za katalogi, wakikuta majina mawili yamefanana, waliongeza mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki baada ya jina. Mwaka ukikosekana, wanaongeza jina la kati au kazi ya mtu. Mstari mmoja tu kwenye kadi! Mkutubi mwenye kalamu na droo ya kadi alifanya kazi ambayo kampuni zenye maelfu ya seva zinadai haiwezekani.

Leo vifaa viko vingi kuliko wakati ule. Kuna VIAF, inayounganisha faili za majina za maktaba za taifa za nchi mbalimbali. Kuna ISNI, namba ya tarakimu 16 anayopewa mtunzi mmoja mmoja, na kiwango chake cha kimataifa kilitoka 2012. Watafiti wana ORCID, nayo ni tarakimu 16 na ilianza mwaka huohuo. Wenzetu wengine hujibu, "si kuna ISBN?" ISBN ni ya kitabu, tena ya toleo moja la kitabu, haisemi lolote kuhusu nani ni nani. Jalada gumu lina ISBN yake, jalada laini lina yake. Ya kumtambulisha mwandishi ni ISNI, na tovuti nyingi haziiombi wala haziionyeshi.

Sasa sikieni hii. Kuna tovuti moja kubwa sana ya wasomaji ambayo njia yake ya kuwatenganisha waandishi wenye jina moja ni kuongeza nafasi tupu kati ya jina la kwanza na la pili. Nafasi moja kwa mwandishi wa kwanza, mbili kwa wa pili, tatu kwa wa tatu, na kuendelea. Kwenye skrini huoni tofauti yoyote, maana nafasi zinajikunja zikawa moja. Msomaji anaona jina lilelile limeandikwa vilevile na hana namna ya kujua yuko kwa nani. Na wanaohesabu hizo nafasi na kuzirekebisha ni wasomaji wa kujitolea, usiku na mchana, bila malipo. Nawaheshimu mno watu hao. Lakini kampuni inayoegemea nguvu zao ione aibu.

Halafu kuna kosa la upande wa pili: mtu mmoja kukatwa vipande. Waandishi wetu wa Kiswahili wanaumia kote kuwili. Tuna Muhammed Said Abdulla wa Mzimu wa Watu wa Kale (1960), tuna Mohamed Suleiman Mohamed wa Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976), tuna Said Ahmed Mohamed wa Utengano (1980). Mashine ikishayafupisha majina hayo unabaki na M. S. Abdulla, M. S. Mohamed na S. A. Mohamed, na hapo kuchanganya ni jambo la dakika moja. Ongeza kwamba mtu huyohuyo anaandikwa Muhammed hapa, Mohamed pale na Mohammed kule, kila tahajia na ukurasa wake, vitabu viwili huku, kimoja kule. Na Said Ahmed Mohamed huyohuyo, kwenye maandishi yake ya kitaaluma, anajulikana kama Said A. M. Khamis. Mwanafunzi anayesoma riwaya zake hataonyeshwa makala zake, na anayesoma makala hataonyeshwa riwaya. Mtu kaandika miaka mingi, anaonekana nusu nusu.

Wapo watakaosema waandishi wenyewe wajitofautishe. Walishafanya hivyo! Mwaka 1899 Winston Churchill wa Uingereza aligundua kuna Winston Churchill mwingine Marekani, mtunzi wa riwaya, ambaye wakati ule ndiye aliyekuwa na jina kubwa kwenye vitabu. Akamwandikia barua, akaahidi kwamba yeye atatia saini Winston Spencer Churchill. Mmarekani akamjibu kwamba angekuwa na jina jingine, naye angelitumia. Mabwana wawili wakamaliza suala zima kwa barua. Mwingereza akatimiza ahadi; jalada nyingi za vitabu vyake zina ile S ya katikati, ya Spencer, mpaka leo. Na bado kuna tovuti zinazoitupa hiyo herufi wakati wa kupanga orodha, The Crisis ya 1901, riwaya ya yule Mmarekani, ikahesabiwa kwa mtu aliyekuja kupewa Nobel ya fasihi mwaka 1953. Mwandishi afanye nini tena zaidi ya hapo?

Zaidi ya kuudhi, jambo hili linafungua mlango kwa matapeli. Agosti 2023 mwandishi wa Marekani Jane Friedman alikuta vitabu vinauzwa kwa jina lake ambavyo hakuandika, vyenye kila dalili ya kutungwa na programu ya akili bandia. Mfumo ulivipokea kwa sababu jina ni lilelile. Alipoomba viondolewe akakwama kwanza, kisha vikaondolewa alipolipeleka suala hadharani. Yeye ana wasomaji wengi wa kumsikiliza. Mwandishi wa kitabu kimoja, asiyejulikana, angesikilizwa na nani?

Na huyo wa kitabu kimoja ndiye ninayemfikiria kila nikifungua kurasa hizi. Kahangaika na mswada wake, kapata mchapishaji, siku ya siku anatafuta jina lake anakuta kitabu chake kimesukumwa chini kabisa ya vitabu vya mtu mwenye jina kama lake, picha si yake, wasifu si wake, nyota si zake. Upande wa pili kuna mzazi anayetafuta hadithi za watoto. Nimeuona ukurasa ambao vitabu vya watoto vimepangwa pamoja na riwaya za chumbani za watu wazima kwa sababu tu watunzi wameshabihiana jina. Mtoto akiachiwa simu hapo inakuwaje?

Ninachodai si kikubwa. Weka mwaka wa kuzaliwa kando ya jina. Kama mwandishi hataki mwaka wake ujulikane, weka fani yake: mshairi, mwanahistoria, mwandishi wa watoto. Onyesha ISNI pale ilipo. Kama mfumo hauna uhakika kwamba ni mtu mmoja, usiunganishe; bora kurasa mbili zenye vitabu vichache kuliko mmoja wa uongo. Weka kitufe cha "huyu si yeye" kando ya kila kitabu, na kimfikie binadamu anayejua kusoma. Na acheni kabisa kupiga wastani wa nyota za waandishi ambao hamjathibitisha ni nani.

Wadau, mliokutana na kurasa za namna hii wekeni hapa jina la mwandishi, vitabu vilivyochanganywa, na miaka kama mnaijua. Wakutubi na wachapishaji mlioko humu, naomba hasa ninyi mseme: ISNI mnaituma kwenye taarifa mnazopeleka kwa wauzaji, au hamtumi? Kama mnatuma na wao wanaitupa, nataka tujue, kwa sababu barua yangu inayofuata naituma kwa wakuu wa ile tovuti, na safari hii sitaki kuambiwa niwasiliane na mchapishaji.