Panya wa darini hawagusi tena sumu wala mtego: nifanyeje?

Mama Shamim, Jinja

Salaam kwenu nyote. Ninapanga nyumba ya vyumba viwili huku Walukuba, yenye paa la mabati na dari ya mbao nyembamba, na jikoni ninaweka gunia la mahindi, nusu gunia la maharage na ndoo ya mukene, yaani dagaa. Tangu mavuno ya msimu wa kwanza yaingie nyumbani, kila usiku ifikapo saa nne zinaanza mbio juu ya vichwa vyetu. Wametoboa pembe ya gunia, wamekula kipande kizima cha sabuni, na juzi nilikuta kinyesi juu ya mto wa mtoto.

Nilinunua sumu ya unga kwa mchuuzi wa barabarani, imefungwa kwenye karatasi isiyo na jina wala maelezo, nikaichanganya na nyanya. Wawili walikufa. Mmoja alifia darini mahali ambapo mkono haufiki, nyumba ikanuka zaidi ya wiki, na waliobaki sasa wanapita kando ya chambo kana kwamba wameambiwa. Mtego wa kubana nao umekaa siku saba bila kushika kitu. Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye kila anachokiokota anakitia mdomoni, na paka wa jirani huingia kwangu apendavyo. Mwenye nyumba anasema panya ni wa mpangaji. Naomba ushauri wa aliyewahi kulimaliza tatizo hili.

Fundi wa Bombo

Mama Shamim, pole sana. Kabla ya kununua kitu kingine, tazama kile kinyesi. Kikiwa kama punje ya mchele au kidogo kuliko hiyo, una panya wale wadogo. Kikifika sentimita moja au kuzidi, ni panya wakubwa. Kwa mbio hizo za darini nadhani ni yule panya mweusi mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake, mpandaji hodari, anayeingia kwa juu na kushuka jikoni kula.

Mtego wako haukushindwa, uliwahishwa. Panya mkubwa huogopa kitu kipya katika njia yake, na anaweza kukizunguka kwa siku kadhaa kabla ya kukigusa, tofauti na panya mdogo ambaye hukisogelea upesi ili akichunguze. Kwa hiyo uweke mtego wenye chambo lakini usiutege kwa usiku wanne au watano, mpaka uone chambo kinaliwa, ndipo uutege. Uweke ukutani, si katikati ya chumba, kwa sababu panya hutembea ndevu zake zikigusa ukuta. Upande wa chambo ndio uelekee ukuta. Mimi hufunga mukene mmoja kwa uzi kwenye kile kijichuma cha chambo, nikazungusha mara tatu na kukaza, ili asiweze kumnyofoa taratibu bali alazimike kuvuta. Tena usitege mmoja, tega sita kwa usiku mmoja, na yote iwe mahali ambapo mtoto hafiki.

Mchana chukua tochi utafute mahali wanapoingilia. Panya mdogo hupita kwenye tundu la milimita 6, yaani upana wa penseli, na mkubwa hupita kwenye tundu la sentimita 2. Angalia hasa pale mawimbi ya mabati yanapolala juu ya ukuta, bomba la maji linapotoboa ukuta, na chini ya mlango. Njia inayotumika sana utaijua kwa alama nyeusi yenye mafuta kama mahali palipoguswaguswa na mikono michafu. Shindilia waya wa kusugulia sufuria, kisha piga saruji juu yake. Matambara na plastiki ni kazi bure, watatafuna usiku huohuo. Kama kuna tawi la mwembe linalogusa paa, likate. Ila usizibe yote kabla ya kuwanasa waliomo ndani, maana utawafungia waje kufia humo, na harufu yake umekwisha kuionja.

Muuguzi mstaafu, Arua

Nakubaliana na Fundi. Mimi nitasema juu ya ile sumu, kwa sababu imenitia hofu kuliko panya wenyewe. Unga usio na jina unaweza kuwa dawa kali ya mashambani, na mtoto akiulamba hata daktari hatajua anatibu nini. Ikitokea bahati mbaya, usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na kile kikaratasi. Sumu za dukani zinazozuia damu kuganda zina tiba yake, ambayo ni vitamini K, lakini nazo huua baada ya siku kadhaa, kwa hiyo panya hujifia popote, na paka au bundi akimla anaweza kudhurika. Vidonge vya kufukizia nafaka msivithubutu kabisa ndani ya nyumba wanamolala watu: hutoa gesi inayoua familia nzima.

Kinyesi kisifagiliwe kikavu, kwani vumbi lake huingia puani. Fungua madirisha kwa nusu saa, vaa glavu, lowesha kwa sehemu moja ya Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, na tisa za maji, subiri dakika kumi, ndipo ufute. Mkojo wao nao hubeba vijidudu vinavyopenya kwenye mikwaruzo ya ngozi. Mto ule ufuliwe kwa maji ya moto, na mtoto asilale na mabaki ya chakula mikononi, maana panya huuma kweli: mtu huweza kuamka asubuhi ndipo akaona kidole kimetafunwa.

Huku kwetu West Nile, hasa Arua na Zombo, tuna jambo la ziada. Tumezoea kuwaambia watu kwamba panya wakianza kufa wenyewe bila kutegwa wala kutiliwa sumu, hiyo si habari njema, kwa sababu viroboto huuacha mzoga uliopoa na kutafuta damu ya mtu, na hivyo ndivyo tauni inavyoingia nyumbani. Mzoga wa namna hiyo usishikwe kwa mkono mtupu. Toa taarifa kituo cha afya, na mwenye homa ya ghafla na uvimbe kinenani au kwapani apelekwe siku hiyohiyo, kwa sababu ugonjwa hutibika kwa antibayotiki ukiwahiwa. Jinja hamna sababu ya kuishi na wasiwasi huo, lakini mwenye ndugu huku na alijue.

Mnunuzi wa nafaka, Masindi

Mmeacha gunia, na gunia ndilo linalowaita. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri kwa fukusi, kwa sababu hukosa hewa wakafa, lakini panya huitafuna kama mfuko mwingine wowote. Kausha mahindi yako vizuri, yatie kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, na ndoo ya mukene iwe ya bati, si plastiki. Gunia lisiloweza kuingia pipani liinue juu ya mbao na uliache mbali na ukuta ili uweze kufagia nyuma yake. Kuhusu paka, huyo wa jirani atakusaidia kwa makinda tu. Panya jike hubeba mimba wiki tatu hivi na huzaa sita, saba au zaidi kwa mara moja. Hesabu hiyo paka mmoja haiwezi, tena dari haifiki.

Mama Shamim, Jinja

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Leo ni usiku wa kumi na mbili. Kinyesi kilikuwa cha wakubwa, kama alivyosema Fundi. Sumu iliyobaki nimeifungia mbali na mtoto. Niliiacha mitego mitano bila kuitega mpaka usiku wa tano, na usiku wa sita nikapata watatu, kisha mmoja, kisha mmoja tena. Mahindi yamo pipani. Mwenye nyumba nilimpandisha ngazini mwenyewe nikamwonyesha alama nyeusi kwenye boriti juu ya bomba. Alinyamaza kidogo, kisha akatoa nusu ya bei ya saruji. Bado namsikia mmoja juu ya chumba cha watoto, karibu na alfajiri, na chambo hakigusi. Fundi, nizibe sasa, au nimsubiri?

Fundi wa Bombo

Msubiri. Mbadilishie chambo, mpe siagi ya karanga badala ya mukene, na mtego uuhamishie kule darini anakokimbilia. Nyunyiza unga kidogo kwenye boriti. Nyayo zitakuonyesha anapita upande upi. Zikipita siku tatu bila nyayo mpya, koroga saruji.