Milango ya maji ya Bingley: tuanzie wapi tukiwa na mama mkwe?

Mgeni wa Leeds

Nawasalimu nyote. Mama mkwe wangu amewasili kutoka Tanga, na Jumamosi tungependa kumpeleka Bingley, mji mdogo karibu na Leeds kaskazini mwa Uingereza, kuona milango mitano ya maji iliyopangana kama ngazi katika mfereji wa Leeds na Liverpool. Magoti humsumbua, na tuna mtoto wa miaka 4 asiyetulia. Je, pana mambo ya kutosha siku nzima, au ni mahali pa kupiga picha na kuondoka?

Mzee wa Mfereji

Ndugu, mkiondoka bila kuona boti ikipita, mtakuwa mmeona kuta za mawe na maji yaliyotuama tu. Ngazi hiyo ilifunguliwa mwaka 1774, hupandisha boti kiasi cha mita 18, na kazi bado ni ya mikono: mwenye boti huzungusha mkono wa chuma ili maji yapite, kisha huegemeza mgongo kwenye boriti nene ya mbao na kuisukuma, akikanyaga hatua kwa hatua, mpaka lango likubali kufunguka. Kila mlango wa maji ni chumba cha mawe chenye lango upande wa juu na wa chini, na lango la juu la chumba kimoja ndilo la chini la chumba kinachofuata, kwa hiyo boti haipati pa kupumzika katikati. Inayopanda huhitaji chumba cha chini kabisa kiwe kitupu na vinne vilivyo juu yake vimejaa, kwa kuwa kila kimoja hujazwa kwa maji ya jirani yake wa juu. Inayoshuka hutaka cha juu kijae na vingine vyote viwe vitupu. Mpangilio huo ukikosewa, chumba hufurika au maji hupungua, na ndiyo sababu kuna msimamizi anayewaongoza wenye boti. Simameni karibu na lango wakati chumba kinapojaa: maji huchuruzika kwa nguvu katika nyufa za mbao, na boti huinuka polepole hadi nahodha aliyekuwa chini ya miguu yenu awe anawatazama usoni.

Msiende katikati ya majira ya baridi kama nilivyofanya mimi, nikakuta vyumba vimekaushwa kwa matengenezo, ingawa nakiri kwamba kuchungulia sakafu yake ya mawe kulinifariji kidogo.

Binti Pangani

Nakubaliana na Mzee, ila siku haiishii hapo. Mfereji ukishuka kuelekea Leeds hupita juu ya mto Aire kwa daraja la mawe lenye matao saba, kisha hufika Saltaire baada ya mwendo wa kilomita kama 5. Huo ni mji mdogo ambao Titus Salt, tajiri wa sufu ya alpaka, aliwajengea wafanyakazi wake kandokando ya kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1853, na UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Ndani ya kiwanda sasa mnaweza kutazama picha za mchoraji David Hockney, mzaliwa wa Bradford. Baba apite na mtoto kwa miguu. Mama mkwe apande treni, maana Saltaire ni kituo kinachofuata baada ya Bingley.

Mgeni wa Leeds

Nashukuru sana. Je, awaone wenye boti akiwa chini au juu?

Mzee wa Mfereji

Juu. Njia ya kandokando ya milango ina mwinuko mkali, na magoti mabovu huumia zaidi wakati wa kushuka kuliko kupanda, kwa hiyo mfikisheni juu kwa teksi, akae hapo anywe chai, na teksi hiyohiyo imrudishe stesheni. Kuhusu mtoto, kingo za vyumba hazina uzio, na chumba kitupu ni shimo refu. Mshikeni mkono tangu mnapofika hadi mnapoondoka.