Paka aliyeziba mkojo: mfuko unajaa haraka kuliko dripu inavyoingia. Nipunguze au niongeze?

Zamu_ya_Usiku aliuliza:

Habari za kazi, wenzangu. Mimi ni muuguzi wa wanyama katika kliniki ndogo jijini Dar es Salaam, na zamu yangu kwa kawaida ni ya usiku, ambapo ninabaki peke yangu na daktari hupatikana kwa simu. Juzi alasiri tulipokea paka dume aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka minne na uzito wa kilo 4.4, ambaye anayemfuga alidhani amefunga choo kwa sababu alikuwa akiingia kwenye beseni la mchanga, anachuchumaa, analia, kisha anatoka bila kuacha kitu. Daktari alipompapasa tumbo alikuta kibofu kigumu, kikubwa kama chungwa. Potasiamu kwenye damu ilikuwa 7.9, nyingi mno. Alipewa kalsiamu glukoneti taratibu mshipani ili kuukinga moyo, akatiwa usingizi, njia ya mkojo ikazibuliwa na katheta, yaani mpira mwembamba wa kuutoa mkojo hadi kwenye mfuko, ikashonewa mahali pake. Saa kumi jioni kibofu kilikuwa kimemwagwa chote, hivyo nilipoanza kuhesabu mfuko ulikuwa mtupu.

Niliachiwa maelekezo ya dripu ya mililita 20 kwa saa. Ilipofika saa nne usiku, mfuko ulikuwa na mililita 290. Nilishikwa na hofu, nikajiambia kwamba dripu ndiyo inayotengeneza mkojo wote ule, nikaipunguza hadi mililita 10 bila kumpigia daktari. Baadaye, kuanzia saa saba hadi saa kumi usiku, mfuko haukuongezeka hata tone, nami nikaamini kwamba figo zimegoma. Kumbe paka alikuwa ameulalia mrija wa kwenda kwenye mfuko, ukakunjika chini ya paja lake. Alfajiri ngozi ya shingoni ilikawia kurudi nilipoivuta, fizi zilinata, na mizani ilisoma kilo 4.1. Daktari alinikemea, na alikuwa na haki.

Paka yu hai na bado ana katheta. Ningependa kujua wenzangu mnahesabuje kinachoingia na kinachotoka pale ambapo hakuna pampu ya dripu wala mashine ya kupima umeme wa moyo, na ni dalili zipi zingenizindua mapema zaidi.

Nesi_Mkongwe alijibu:

Pole sana, dada. Kosa hilo wengi wetu tumelifanya, nami nilishawahi kulifanya upande wa pili, yaani kwa kuongeza dripu bila kipimo. Mantiki yako haikuwa ya kijinga, kwa sababu ni kweli kwamba dripu nyingi huzaa mkojo mwingi. Lakini saa chache baada ya kuzibuliwa hali huwa tofauti: figo zilizokaa chini ya shinikizo la mkojo uliorudi nyuma hupoteza kwa muda uwezo wa kuufanya mkojo uwe mzito na mchache, na sumu zilizolimbikana kwenye damu nazo hutoka zikivuta maji pamoja nazo. Paka hukojoa sana hata kama humpi chochote, na ukimnyima dripu anajikausha mwenyewe.

Tazama hesabu yako. Mililita 290 kwa saa 6 ni takribani mililita 48 kwa saa, na ukigawa kwa kilo 4.4 unapata mililita 11 kwa kilo kwa saa, wakati paka mzima hutoa mililita 1 hadi 2 tu. Dripu yako ilikuwa inaingiza 20. Kwa hiyo hata kabla hujaipunguza, alikuwa tayari anadaiwa mililita 28 kila saa, na hadi saa nne ile deni lilikuwa limefika 170. Ndiyo maana mimi sisubiri saa 6. Kwa usiku wa kwanza nasoma mfuko kila baada ya saa 2, naandika, na tofauti ikianza kujitokeza nampigia daktari akiwa bado hajalala. Kanuni tunayoitumia kwetu, kwa idhini ya daktari, ni kwamba mkojo wa saa 4 zilizopita ndio unaorudishwa kwa dripu katika saa 4 zinazofuata, pamoja na kiasi kidogo cha kufidia maji yanayopotea kwa njia ya pumzi.

Kukosa pampu si kilema kikubwa. Ukiwa na mrija wa dripu wa watoto, ule wa matone 60 kwa mililita, idadi ya matone kwa dakika ndiyo idadi ya mililita kwa saa, huna haja ya kikokotoo: matone 50 kwa dakika ni mililita 50 kwa saa. Mrija wa kawaida wa matone 20 unahitaji matone kama 17 kwa kazi hiyo hiyo. Bandika plasta wima kwenye chupa ya dripu na uweke alama za saa kwa kalamu, kwa maana paka akikunja mguu wenye kanula (kijibomba cha dripu kilicho mshipani) matone hubadilika bila kukuaga.

Kuhusu mfuko kusimama ghafla: kabla ya kuzishuku figo, fuata mrija kwa vidole kuanzia kwenye mkia hadi kwenye mfuko. Mgeuze paka upande wa pili. Kisha papasa kibofu kwa wepesi sana, maana ukuta wake umechoka na unaweza kupasuka. Kikiwa kimejaa, tatizo ni bomba, na daktari ndiye atakayeamua kama kusafisha kwa maji ya chumvi yaliyo tasa. Mimi hufunga mrija kwenye mkia kwa plasta, nikiacha ulegevu wa kutosha ili paka akijinyoosha asiivute mishono. Kola ya shingoni, ile ya kumzuia asijilambe, haitoki hata kwa dakika moja ya huruma. Wakati wa kula unashika kola na kuinua sahani.

Mfuko uwe chini ya usawa wa paka lakini usiguse sakafu, na usiutenganishe na katheta bila sababu. Kama mnatumia mfuko wa dripu uliokwisha badala ya mfuko maalumu, uwe ulikuwa wa maji ya chumvi. Uliokuwa na glukosi huacha chakula cha bakteria. Vaa glavu kila unapogusa, na sehemu ya katheta iliyo nje ifutwe kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) iliyozimuliwa.

Daktari_wa_Paka alijibu:

Naunga mkono yote yaliyosemwa na Nesi, na nina mambo machache ya kuongeza.

La kwanza ni moyo. Hamna mashine, lakini mna stethoskopu. Paka mwenye hofu ya kawaida ya kliniki moyo wake hupiga mara 160 au zaidi kwa dakika, hivyo ukihesabu 110 kwa paka aliyeziba usiandike kwamba ametulia: hiyo ni potasiamu inayokandamiza moyo, hasa kama na mwili wake umepoa. Hesabu dakika nzima, si sekunde 15 mara nne.

La pili, kinyume chake hutokea baadaye. Mkojo ukimwagika kwa siku nzima potasiamu nayo huondoka, na paka ambaye jana alikuwa na nyingi mno leo huishiwa. Dalili ninayowafundisha wauguzi ni shingo: kidevu kinaanguka kifuani, paka anakutazama kwa chini kana kwamba ameaibika. Hapo nipigie hata kama ni saa nane usiku.

La tatu, msiongeze dripu bila kikomo kwa kuufukuzia mkojo. Mizani kila baada ya saa 12, kwa kuwa gramu 100 zilizopungua ghafla ni takribani mililita 100 za maji. Uzito ukipita ule aliokuwa nao akiwa na maji ya kutosha, na pumzi zikazidi 40 kwa dakika akiwa amelala, anazama kwa dripu. Vipimo vya figo vikishateremka, tunapunguza dripu kidogo kidogo na kutazama kama mkojo nao unashuka. Ukishuka bila uzito kupungua, figo zimerudi kazini.

Antibiotiki za kujikinga wakati katheta ingali ndani sizipendi, kwa sababu hazizuii maambukizi bali huchagua bakteria sugu. Dawa ya maumivu, hata hivyo, isikosekane.

Mwenye_Paka_Wawili alijibu:

Mimi si mtaalamu, lakini nimejifunza kwa gharama. Wa kwangu naye alichuchumaa siku nzima nikidhani ni choo, jirani akanishauri nimpe kidonge cha parasetamoli. Nilimpigia daktari kwanza, akaniambia kwamba kidonge kimoja cha miligramu 500 kingeweza kumuua hata kabla ya mkojo kumuua. Tafadhali, wauguzi, waambieni wateja jambo hilo wakati wa kumkabidhi paka, pamoja na chakula chenye majimaji na mabakuli ya maji kila chumba. Sisi huwa tunakumbuka kipimo cha dawa na kusahau mengine yote.

Zamu_ya_Usiku alijibu:

Ninawashukuru nyote. Nilichora jedwali la saa 2 kwenye karatasi ya manila na kulibandika juu ya kizimba. Jana mkojo ulishuka kutoka mililita 45 hadi 9 kwa saa, dripu ikapunguzwa kwa hatua kama Daktari alivyoeleza, na uzito ukabaki kilo 4.35. Katheta iliondolewa saa tisa alasiri. Kuanzia hapo nilipima beseni lenye mchanga kila baada ya ziara yake: mara ya kwanza gramu 3, mara ya pili gramu 5, na kila mara nikapapasa kibofu, mikono ikinitetemeka, nikakikuta laini. Saa kumi na moja alfajiri alichimba shimo, akakaa kimya bila kulia, akafukia, akaondoka akitikisa mguu mmoja. Beseni lilikuwa limeongezeka gramu 41.

Daktari ameagiza abaki hadi kesho, na mwenye paka ameshanipigia mara tatu kuuliza kama paka anaruhusiwa dagaa.